Adabu ya Mgeni na Kiboko cha Dola

Anayepita karibu na Bilpam mjini Juba, yaliko makao makuu ya jeshi, huacha kamera mfukoni. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, mgeni mwenye adabu naye hampigi picha mama wa buibui bila kumwomba. Bilpam katazo linalindwa na bunduki. Zanzibar linalindwa na staha ya mama huyo, naye ana hiari ya kukubali.

Msudani Kusini anayezuru nchi ya Kiislamu ana sababu ya kuchanganya mambo haya mawili. Bilpam ya Juba imerithi jina la kambi ya Ethiopia ambako waasi wa Kusini, SPLA, walijipanga mwaka 1983. Mwaka huohuo, vita vikiwa vimekwisha kuanza, rais wa Sudan, Jaafar Nimeiri, alitangaza sheria zake za Kiislamu za Septemba, zilizopiga marufuku pombe. Wanawake wa Kusini waliokimbilia Khartoum wakapika pombe ili walishe watoto, wakaishia kuchapwa na kufungwa katika gereza la Omdurman. Kifungu cha 152 cha sheria ya jinai ya 1991 kiliruhusu viboko 40 kwa mavazi "yasiyo ya heshima". Mwaka 2009 mwanahabari Lubna Hussein alishtakiwa kwa kuvaa suruali.

Lakini katika Sudan hiyohiyo, magharibi ya Ramadhani, wanaume hutandika mikeka kando ya barabara na kuyasimamisha magari, msafiri ashuke afuturu nao. Mwambao wa Waswahili nao una lake: hodi tatu, na asiyeitikiwa huondoka bila kinyongo. Mambo haya hayakuhitaji askari ili yadumu. Zanzibar nayo haijasalimika kabisa: polisi wake wamewahi kukamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Hapo aliyejizuia kwa kumstahi jirani aliyefunga hatofautiani tena machoni pa watu na aliyeogopa pingu.

Aprili 2019, mwandamanaji Alaa Salah alisimama juu ya gari Khartoum akiongoza nyimbo za kumpinga rais Omar al-Bashir, amevaa tobe nyeupe, shuka refu la bibi zake. Sheria ya utulivu wa umma, iliyokuwa ikiwachapa wanawake viboko, ilifutwa Novemba mwaka huo. Tobe zinavaliwa hadi leo. Basi mgeni kutoka Juba asianze kwa kuuliza kuna adhabu gani. Amuulize mwenyeji wake nini kitamvunjia heshima, kisha ajifunike na ajizuie kwa ajili yake, hata pale polisi hawapo.