Wasiwasi Usioandikwa Daftarini: Hofu, Hospitali za Vichaa na Tiba ya Mazungumzo Barani Afrika, 1910–2016

1.0 Utangulizi

Mtu mwenye wasiwasi hakupelekwa Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwatunzia vichaa, ilipokea zaidi wale walioletwa na polisi, mahakama na watawala wa vijiji: aliyechoma banda la jirani, aliyezurura uchi sokoni, aliyejeruhi mtu bila sababu iliyoeleweka. Mwanamke aliyekesha akisikiliza mapigo ya moyo wake, akiwa na hakika kwamba kesho kuna msiba, hakumsumbua mtawala yeyote. Aliamka alfajiri, akalima, akapika, akanyamaza. Jina lake halikuingia daftarini, na kwa kuwa halikuingia, wataalamu wa enzi ile walitangaza kwamba mtu wa namna yake hakuwapo katika Afrika.

Makala haya yanafuatilia jinsi tangazo hilo lilivyotolewa, jinsi lilivyobomolewa, na jinsi tiba ya mazungumzo ilivyopata nafasi yake baada ya hapo. Yanamhusu mtu ambaye hofu yake imezidi kiasi cha jambo linaloogopwa, au imebaki ingawa jambo lenyewe limekwisha, hata ikamnyima usingizi, hamu ya kula na uwezo wa kufanya kazi. Hofu ya mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani haimo, japokuwa mpaka kati ya hizo mbili si ukuta wa mawe.

2.0 Neno na asili yake

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tuna hofu, shaka, fadhaa, jakamoyo, kihoro, dukuduku, na siku hizi msongo wa mawazo, istilahi ambayo imeenea redioni kuliko ilivyoeleweka. Neno wasiwasi lenyewe lina historia ndefu. Limetoka katika Kiarabu, ambako waswasi ni mnong'ono, sauti ndogo inayotia shaka ndani ya kifua. Limo katika sura ya mwisho ya Kurani, ambayo mtoto wa chuoni huwa miongoni mwa za kwanza kuihifadhi. Kwa hiyo, kabla ya daktari yeyote kufika pwani, msemaji wa Kiswahili alikuwa na nadharia ya wasiwasi ndani ya neno lake: ni sauti inayosema, na inayoweza kujibiwa.

Nadharia hiyo ilikwisha kuandikwa kitabibu mapema sana. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyezaliwa karibu na Balkh katikati ya karne ya 9 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya mwili na nafsi. Katika sehemu ya nafsi alitenganisha hasira, huzuni, hofu na waswasi, akaeleza tiba ya kila moja. Shauri lake moja lastahili kukumbukwa: mtu mwenye afya ajiwekee akiba ya mawazo mema wakati wa utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani, ili ayatumie hofu itakapomjia. Msomaji wa vitabu vya tiba ya mazungumzo vya karne ya 20 atalitambua shauri hilo mara moja. Sidai kwamba Balkhi alisomwa Mombasa au Unguja. Nasema tu kwamba fikra ya kuitibu hofu kwa maneno haikuanzia Vienna.

Pwani yenyewe ilikuwa na njia zake: kusomewa dua, kunywa kombe, ngoma za pepo ambamo mgonjwa alizungukwa na watu waliomfahamu, akapewa ruhusa ya kusema kwa kinywa cha pepo yale asiyoweza kuyasema kwa kinywa chake. Wapo wanaozifanya njia hizi kuwa sawasawa na saikolojia ya leo. Naona huo ni uharaka. Nyingine zilituliza, nyingine ziliongeza hofu kwa kumtaja jirani kuwa mchawi.

3.0 Daktari na daftari lake

J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka 1938. Alikuwa daktari wa kawaida; alipoanza hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Aliiongoza hospitali hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, akahesabu wagonjwa wake, akagundua kwamba waliolazwa kwa sonona au kwa hofu iliyopindukia walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wa Ulaya. Hadi hapo hakuna kosa, maana hesabu ni hesabu. Kosa lilikuja alipoitafsiri. Badala ya kuuliza nani huletwa hospitalini na nani habebwi na polisi, aliuliza ubongo wa Mwafrika umekosa nini. Mwaka 1951 alichapisha makala akidai kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa taarifa yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Mantiki yake ilikuwa hivi: wasiwasi na majonzi hutokana na mtu kujihukumu mwenyewe, Mwafrika hana nafsi inayojitegemea kiasi cha kujihukumu, kwa hiyo hawezi kuugua hivyo. Kumnyima mtu wasiwasi, kwa mantiki hii, ni kumnyima utu wa ndani. Ndiyo maana suala hili si la kitabibu pekee. Mtu asiyeweza kuhofia kesho hawezi pia kuaminiwa kupanga kesho, na serikali iliyokuwa ikiwafungia watu kambini kwa maelfu haikuchukia kusikia hivyo.

4.0 Waliotazama mahali pengine

Jibu halikutoka hospitalini. Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Gold Coast na baadaye akasomea tiba ya akili, alikwenda kukaa kwenye madhabahu za Ashanti katika miaka ya 1950. Huko aliwakuta wale ambao Carothers hakuwaona. Walikuja kwa miguu na kwa malori, wakamweleza kuhani kwamba hawalali, kwamba mali yao ya kakao itawaponza, kwamba jamaa wanawaonea kijicho. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilipewa jina linalomaanisha kutafuta usalama, na jina hilo limebeba hoja nzima. Field alionesha kwamba hofu ilikuwapo tele. Ila aliyeiugua aliona ni jambo la kupeleka kwa miungu, wala hakuiita ugonjwa wa kupeleka kwa daktari.

Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta aliyesomea udaktari Birmingham, alianzisha mwaka 1954 utaratibu wa vijiji kuzunguka hospitali ya Aro. Mgonjwa hakufungiwa wodini. Alipanga kijijini pamoja na ndugu yake mmoja, akaenda hospitalini kwa matibabu na kurudi jioni, na waganga wa jadi walishirikishwa chini ya uangalizi wa madaktari. Kisha Lambo, pamoja na Alexander Leighton na wenzao, wakafanya uchunguzi miongoni mwa Wayoruba, wakiwahoji watu majumbani mwao, na kuulinganisha na uchunguzi wa Stirling County nchini Kanada. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963: dalili za wasiwasi na za sonona zilikuwapo pande zote mbili, zikifanana kwa mengi.

Wakati huohuo Raymond Prince, daktari kutoka Kanada aliyefanya kazi Nigeria, alieleza mwaka 1960 hali aliyoiona kwa wanafunzi: kichwa kuwaka moto, macho kukataa kusoma, maneno ya ukurasa kutoshika. Wenyewe walisema ubongo umechoka. Wengi walikuwa wa kwanza kusomeshwa katika ukoo, wamebeba ada iliyochangwa na watu wengi. Mwandishi wa makala haya, akiwa katika mwaka wake wa nne wa shahada ya uzamivu, hahitaji kuelezwa zaidi.

5.0 Namna tiba inavyofanya kazi

Kuna kinaya katika tarehe. Mwaka 1958, miaka mitano tu baada ya kitabu cha Carothers, Joseph Wolpe wa Johannesburg alichapisha kitabu kilichobadilisha tiba ya wasiwasi duniani. Wolpe aliwahi kuwa daktari wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaona askari waliorudi na hofu wasivyoponeshwa na dawa za kuwafanya waseme yaliyowapata. Baada ya majaribio kwa paka katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alifikia kanuni nyepesi: mwili hauwezi kutulia na kuogopa kwa wakati mmoja. Mgonjwa afundishwe kwanza kulegeza misuli, kisha akabiliane na kile anachokihofia hatua kwa hatua, akianza na kidogo.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Mtu aliyewahi kushikwa na hofu kuu katika kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ataanza kuzunguka njia ndefu ya darajani. Kila anapokikwepa kivuko, moyo hutulia, na utulivu huo humfundisha kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Hofu hulishwa na nafuu yake yenyewe. Mtibabu hamwambii aache kuogopa. Humpeleka leo ufukweni atazame vivuko, kesho akate tiketi na kurudi, siku nyingine apande wakati abiria ni wachache, akae humo mpaka mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Mwili hujifunza kwa kushuhudia.

Katika miaka ya 1960 Aaron Beck wa Philadelphia aliongeza upande wa fikra. Aliona kwamba wagonjwa wake huwa na mawazo ya haraka yanayopita kabla ya hofu kupanda: moyo umeruka, basi nakufa, bosi hakunisalimu, basi nafukuzwa. Tiba yake humfunza mgonjwa kuyakamata mawazo hayo, kuyaandika, na kuyadai ushahidi. Hapa tumerudi kwenye mnong'ono unaoweza kujibiwa.

Dawa nazo zilikuja, Librium mwaka 1960 na Valium mwaka 1963, zikauzwa kwa wingi mno nchi za Magharibi hadi ilipobainika kwamba wengi hawakuweza kuziacha. Historia hiyo imeandikwa vya kutosha kwingine.

6.0 Benchi la Harare

Mwaka 1980 uchunguzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika vituo vya afya vya Sudan, Kolombia, India na Ufilipino ulionesha kwamba takriban wagonjwa 14 katika kila 100 walikuwa na tatizo la akili, na wengi wao hawakutambuliwa. Walikuja wakilalamikia kichwa, tumbo au uchovu. Swali lilikuwa nani atakayezungumza nao, kwa kuwa madaktari wa akili walihesabika kwa vidole.

Jibu mojawapo lilitoka Mbare, mtaa wa Harare, ambako Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii. Walikaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao, nje ya zahanati. Hawakusema wasiwasi wala sonona. Walisema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, maana katika Kishona kufunga ni kufikiri. Tiba ilikuwa ya kutatua matatizo: mgonjwa ayataje yote, achague moja, atafute hatua ndogo ya kulishughulikia, aende akaijaribu, arudi aseme. Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, kwenye kipimo cha dalili 14 kilichotungwa kwa Kishona chenyewe, waliokaa benchini walikuwa na wastani wa 3.81, waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, 8.90.

Benchi limekwisha kufika Malawi na Zanzibar, na hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Katika mahojiano yangu ya majaribio kwenye zahanati moja ya Pwani nilimuuliza mama wa makamo kama ana wasiwasi. Alinitazama kama niliyemshuku. "Wasiwasi na nani, mwanangu? Mimi sina ubaya na mtu. Mimi moyo unanikimbia usiku, na mawazo hayana pa kukaa." Kwake, neno nililoliona la kitaalamu lilikuwa kutoaminiana na watu. Nililifuta katika hojaji, nikaandika maneno yake. Tulizungumza kwa karibu saa nzima juu ya mwanawe aliye baharini, deni la kikundi, na ile saa tisa ya usiku anapoamka bila kuitwa na mtu. Alipoondoka niliomba kuliona daftari la wagonjwa wa siku ile. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa: maumivu ya mwili, amepewa panado.