GTA San Andreas Iliyorudiwa: Ununue au Uipite?

Aliyekulia kwenye vibanda vya gemu anaijua San Andreas hata kama hajawahi kumiliki PlayStation 2. Ilitoka 2004, baada ya GTA III ya 2001 na Vice City ya 2002. Sasa zile tatu zilizopigwa rangi upya na kuuzwa pamoja, zinastahili hela yako?

Tukumbuke kwanza ilivyokuwa. Oktoba 2021 Rockstar walitangaza toleo jipya, na hapo hapo wakasema zile za zamani zinaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mzigo ukatoka Novemba 11 kwa dola 60. Weee! Mvua kama nyuzi nyeupe, sura za wahusika utadhani midoli, na baadhi ya nyimbo za redioni hazimo. Wa kompyuta ndio walikoma kabisa, maana gemu yao iliondolewa kwa siku kadhaa. Novemba 19 kampuni ikaomba radhi na kuahidi kuwarudishia matoleo ya zamani.

Marekebisho makubwa, pamoja na mwanga unaofanana na ule wa kale, yalikuja Novemba 2024. Miaka mitatu! Walionunua siku ya kwanza walilipa bei kamili kwa kazi ambayo haijaisha.

Leo inachezeka vizuri tu, ila subiri punguzo. Na kama bado una diski yako ya PS2, usiigawe. Dukani wanaweza kuifuta gemu kesho asubuhi, lakini ya kabatini kwako hawaigusi.