Uzi wa Daktari Garrod

Kipimo cha damu cha Daktari Alfred Baring Garrod wa London kingeweza kufanyiwa jikoni. Aliiacha damu ya mgonjwa igande, akakinga maji ya njano yanayojitenga, akayamimina kwenye kisahani bapa cha kioo na kutia matone ya asidi ileile iliyomo kwenye siki. Kisha alilaza humo nyuzi za kitani na kukiweka kisahani penye joto la wastani kwa siku mbili hivi. Damu ikiwa na asidi ya yuriki nyingi, uzi ulivikwa chembe zinazong'aa, mithili ya sukari iliyogandia kamba. Mwenye damu hiyo alikuwa na jongo.

Jongo, lile linalochoma kidole gumba cha mguu usiku wa manane, lilihesabiwa maradhi ya mabwana, walaji nyama na wanywaji mvinyo. (Kwetu nako, ukilalamikia kidole, nyama choma ndiyo husingiziwa kwanza.) Lakini wodini kwa Garrod walilazwa pia watu wa kazi za mikono. Katika kitabu chake cha 1859 aliandika kuwa angalau robo ya wagonjwa wake wa jongo hospitalini waliwahi kudhuriwa na risasi, wengi wao mafundi rangi na mafundi bomba. Risasi hiyo ni madini, si ya bunduki, ingawa jina ni moja. Ilikuwamo kwenye rangi nyeupe waliyoikoroga na kwenye mabomba waliyoyaunga. Huziharibu figo, nazo zikashindwa kuitoa asidi ya yuriki kwa mkojo.

Karne moja baadaye ikawa zamu ya gongo ya Alabama, Marekani. Wapikaji walipozea mvuke kwenye rejeta za magari makuukuu zilizoungwa kwa lehemu ya risasi, na wanywaji wakaishia kwa madaktari na figo mbovu na vidole vilivyovimba.

Hao walimeza risasi nyingi. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa damu za Wamarekani wazima wa kawaida, zilizopimwa kati ya 2005 na 2008. Katika robo yenye risasi nyingi zaidi, wastani ulikuwa karibu maikrogramu 4 tu kwa desilita, lakini watu 6 katika 100 walikuwa na jongo. Katika robo ya chini kabisa, hawakufika 2. Vipimo vya siku moja havisemi kipi kilitangulia: figo iliyochoka nayo hubakiza risasi.