Makhan Singh: Mtetezi wa wafanyakazi aliyekaa kizuizini miaka 11

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KUGOMA kuna gharama, na wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu, Kahama, waliofukuzwa kwa mamia baada ya mgomo wa Oktoba 2007, wanalijua hilo. Lakini katika Afrika Mashariki ni vigumu kumpata aliyelipa zaidi ya Makhan Singh wa Nairobi.

Alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, ambacho leo kimo Pakistani, akafika Nairobi mwaka 1927. Kazi yake ilikuwa uchapaji, katika kiwanda cha baba yake.

Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wafanyakazi kilichopokea watu wa rangi zote, jambo geni katika koloni ambako hata mishahara ilipangwa kwa rangi. Mwaka 1937, dhahabu ya Geita ikiwa ndiyo kwanza inachimbwa kwa wingi, chama hicho kilibadili jina kuwa cha Afrika Mashariki. Mwaka huo huo mgomo wa takriban miezi miwili jijini Nairobi ulileta nyongeza ya mishahara.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Uingereza ilikuwa imeiingiza nchi hiyo vitani bila kuwauliza wananchi, na wakomunisti, aliokuwa upande wao, waliipinga wakisema ni vita ya mabeberu. (Walibadili msimamo baada ya Ujerumani kuivamia Urusi mwaka 1941.) Singh alikamatwa Mei 1940, na hakuwa huru kutembea apendako hadi Januari 1945.

Alirejea Kenya Agosti 1947. Mei 1, 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo serikali ilikataa kulisajili. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Mei 15 wote wawili walikamatwa, na Nairobi ikagoma kwa siku tisa.

Shauri lake lilisikilizwa Nyeri na Jaji Ransley Thacker, yule yule aliyemhukumu Jomo Kenyatta mwaka 1953. Singh alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 22, 1961. Hiyo ni miaka 11 na miezi mitano, mingi kuliko ya Kenyatta mwenyewe.

Serikali ya uhuru haikumpa wadhifa wowote wa maana. Alijikita katika kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1969, miaka minne kabla ya kifo chake Mei 18, 1973.