Ajali Iliyokuwa na Kinga

Wengi wetu tuliopenda filamu za Bruce Lee tulisikia uvumi mmoja kuhusu kifo cha mwanawe, Brandon: kwamba ni laana ya ukoo. Baba alifariki Hong Kong mwezi Julai 1973, akiwa na miaka 32. Mwana akafa tarehe 31 Machi 1993, akiwa na miaka 28, alipokuwa akiigiza filamu ya The Crow huko Wilmington, Marekani. Mimi naona kisa chenyewe ni kidogo kuliko laana, na kwa hiyo kinauma zaidi. Kilichomwua ni risasi iliyokwama ndani ya mtutu bila mtu kuitafuta.

Mambo yalikwenda hivi. Ilihitajika picha ya bastola kwa karibu, risasi zikionekana ndani yake. Zikachukuliwa risasi za kweli, zikang'olewa vichwa, baruti ikamwagwa, kisha vichwa vikarudishwa. Lakini fataki, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, ilibaki hai. Bastola ilipofyatuliwa, fataki ikalipuka. Nguvu yake haikutosha kukitoa kichwa nje. Ilitosha kukisukuma mpaka ndani ya mtutu, kikanasa humo. Baadaye bastola ile ile ikatiwa risasi za maigizo, zenye baruti bila kichwa, za kutoa mlio na moto tu. Mwigizaji mwenzake akafyatua kama alivyoelekezwa. Baruti ikakikuta kichwa njiani, ikakitupa kwa nguvu ya risasi kamili. Brandon alipigwa tumboni. Madaktari walihangaika naye kwa saa kadhaa, wasifanikiwe.

Ndugu msomaji, mtutu ulionasa risasi hauko kimya. Mlio wake huwa hafifu, mkono hausukumwi kama kawaida, na shabaha haina tundu. Hapo mwenye ujuzi huacha kufyatua mara moja. Huelekeza silaha pasipo na mtu, huondoa risasi zote, kisha humulika upande mmoja wa mtutu aone kama mwanga unatokea wa pili, au hupitisha ufito. Ufito ukigota katikati, ugonjwa umejulikana. Ni kazi ya dakika chache.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ni neno zuri la kumpa mkono mfiwa, lakini ni neno baya la kufungia uchunguzi. Waendesha mashtaka hawakumfungulia mtu yeyote kesi ya jinai, na uvumi wa laana ukaendelea. Laana haiulizi nani alikagua mtutu. Mwezi Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyokuwamo katika bastola ya kuigizia filamu. Yeye hakuwa wa ukoo wa Lee.