Kufumbua Herufi: Kinyume, Pembe na Jina la Ulyankulu

Mchezo wa kuvuruga herufi na kuzipanga upya mpaka neno litokee hufundishwa siku hizi kana kwamba uliletwa na vitabu vya Kiingereza. Waswahili walikuwa na wao. Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alipochapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, alitia mwishoni vielelezo vya kinyume, usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho ya neno hung'olewa na kutangulizwa. Nyumba huwa mbanyu, kalamu huwa mukala. Wawili waliouzoea huzungumza upesi, na wa tatu akabaki kukodoa macho.

Angalieni, washairi wenzangu, kinachohamishwa. Si herufi, ni silabi. Lima hugeuka mali, kata hugeuka taka, tatu ikawa tuta, nane ikawa nena, na kila ikazaa laki. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo zikipanguliwa bado hutamkika. Mtu akizipangua herufi moja moja, hubaki na rundo la konsonanti lisilopita mdomoni. Nilipokuwa nikiwafunda walimu chuoni, sikuwapa wanachuo herufi za kupanga. Niliwapa silabi, na walioizoea mizani ya shairi ndio waliokuwa wa kwanza kumaliza. Michezo ya herufi iliyonakiliwa kutoka lugha nyingine hadi vitabu vyetu vya shule ya msingi naiona hafifu.

Lakini palikuwa na kufumbua kwingine, ambako hakukuwa mchezo.

Katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, mfanyabiashara aliwasiliana na wenzake wa pwani kwa barua za hati ya Kiarabu. Hati ile iliundwa kwa ajili ya lugha yenye irabu tatu, nasi tunazo tano. Kwa hiyo e ilikaa ndani ya alama ya i, na o ndani ya alama ya u. Konsonanti nazo hazikutosha. Katika uandishi wa zamani, p mara nyingi iliandikwa kwa ba, v kwa fa, na sauti ya m au n iliyotangulia konsonanti nyingine iliachwa tu: simba akaandikwa siba. Steere mwenyewe alisema kwamba msomaji hana budi kukisia maana kwanza ndipo aweze kusoma.

Sasa lichukue neno pembe, bidhaa iliyowapeleka watu wale Unyamwezi. P inakuwa b, e inakuwa i, m inadondoka, e ya mwisho nayo inakuwa i. Kinachobaki karatasini ni bibi. Barua inayosema mzigo wa pembe uko njiani na barua inayosema bibi yuko njiani zaweza kufanana kabisa. Aliyeokoa maana ni jirani wa neno: frasila, mzani, wapagazi. Pasipokuwa na jirani huyo, ilibidi msomaji amjue mwandishi na shughuli zake.

Na pembe hazikuwa jambo dogo. Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walipompiga vita Mirambo, kikosi cha Saud bin Said kilishambulia Ulyankulu. Henry Morton Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo, ameeleza jinsi Mirambo alivyowavizia njiani wakirudi, wakiwa wameelemewa na pembe na mateka. Saud akauawa. Stanley alipoliandika jina la mahali pale kwa herufi za Kirumi, aliandika Wilyankuru.

Hapo pana fumbo jingine. Herufi za Kirumi zina irabu zote tano, zina p, zina v, wala haziidondoshi m. Hata hivyo jina limetoka tofauti: silabi ya kwanza imeota w na i, na l ya mwisho imekuwa r. Hati haikuwa na kosa hapa; ni sikio na ulimi. L na r hubadilishana nafasi kwa wepesi katika maneno ya huku. Wazee wengi husema jina Tabora limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na atakayeyakubali maelezo hayo sharti kwanza akubali l iwe r. Tangu 1972 Ulyankulu imekuwa makazi ya watu waliokimbia Burundi, na Kirundi hutumia r mahali ambapo jirani zake wana l.

Washairi waliathirika kuliko wafanyabiashara, kwa kuwa shairi halina frasila wala mzani wa kuliongoza jicho. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, zilimfikia W. E. Taylor kupitia Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya kutoka vinywani mwa watu, kisha William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940 kwa herufi za Kirumi. Kila ba katika miswada ya namna hiyo ilimdai mhariri achague kati ya b, p na mb. Vina na mizani vilimsaidia, maana kina kinachoishia mba katika mishororo miwili ya mwanzo hakiwezi kuwa pa katika wa tatu. Katikati ya mshororo, ambako hakuna kina cha kumshika mkono, alibaki na sikio lake, na aliyekuja baada yake ana haki ya kusoma vingine.