Maji yalipoingia ndani ya nyumba

Kabla ya Sayyid Barghash kushika utawala wa Unguja mwaka 1870, maji ya Mji Mkongwe yalitembea kwa miguu. Yalibebwa vichwani, mengi yakibebwa na wanawake watumwa, kutoka visima vilivyochimbwa jirani kabisa na mashimo ya vyoo. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 kiliua maelfu. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akiishi pale, alieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu magonjwa ya kipindupindu Afrika Mashariki.

Barghash aliwahi kuhamishiwa Bombay baada ya kumwasi kaka yake Majid, na inaaminika huko ndiko alikojionea jinsi mji mkubwa unavyohudumiwa. Alipotawala alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji, yakaingia kwa mfereji, na wananchi wakayateka bila malipo. Sifa za Barghash husimuliwa zaidi kwa Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lenye nguzo ndefu. Mimi naona mfereji ulifanya kazi kubwa kuliko jumba, ila jumba huonekana na bomba liko chini ya ardhi.

Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza. Kitu kilicho chini ya ardhi husahaulika upesi. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye bilula hajui chemchemi iko wapi, nani ameilinda, wala nani hakupata. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji ya Zanzibar yaliendelea kutolewa bure. Mamlaka ya Maji iliundwa mwaka 2006, na ada zilipoanza kutozwa, manung'uniko yalikuwa mengi. Kwa mtu aliyekua akiona maji yanatoka tu, bili ilikuwa kama kutozwa pesa kwa kuota jua.

Bara nako matumaini yalikuwa makubwa. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza kulisha Dar es Salaam mwaka 1959, na Ruvu Chini ukafuata katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Pampu zilifungwa, sherehe zikafanyika. Vipuri, dizeli na fundi wa kuitwa pampu inapokorofisha havikupangiwa sawasawa, na 1991 ilipofika vijiji vingi vilikuwa na bomba lisilotoa tone. Mwaka huohuo sera mpya ilianza kuwataka watumiaji wachangie gharama.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa mabadiliko hayo unatokana na utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960. Mwanajiografia Mmarekani Gilbert White, mkewe Anne, na daktari Mwingereza David Bradley walifuatilia nyumba moja moja: nani anateka, anateka wapi, lita ngapi. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi maeneo yaleyale. Katika nyumba zenye bomba, matumizi ya mtu mmoja kwa siku yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa lita 128 hadi 66. Nyumba zisizo na bomba zilipanda kutoka lita kama 11 hadi 20, lakini muda wa kutafuta maji ulikuwa umeruka kutoka dakika 28 kwa siku hadi 92. Anayetumia muda huo kutafuta maji, kwa kawaida, ni mama au binti.

Kwa nini walio na bomba hawakupiga kelele maji yao yalipopungua kwa nusu? Wengi walijinunulia ukimya. Tembea mitaa ya wenye nafasi Dar es Salaam au Nairobi utazame juu: matangi meusi ya plastiki kila paa. Chini yake kuna kisima kilichochimbwa uani na pampu ya umeme, na namba ya mwenye boza iko kwenye simu. Mgao ukitangazwa, kama ule wa Dar mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, nyumba hizo hukaa siku kadhaa bila kuhisi chochote. Wakati huohuo mtaa wa pili watu wanasubiri mkokoteni wa madumu ya lita 20, na kwa hesabu ya lita moja wanalipa zaidi ya jirani mwenye mita. Maskini ananunua maji ghali kuliko tajiri, na jambo hilo halifiki kwenye mazungumzo ya sebuleni kwa sababu sebuleni maji yapo.

Hasara haiishii kwenye mfuko wa mtu mmoja. Visima vikizidi pwani, maji ya chumvi hupenya chini ya mji. Vyanzo vikisahaulika hujengewa nyumba juu yake. Bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya kiangazi, lilizungumzwa kwa miongo mingi kabla ujenzi wake haujaanza. Miongo yote hiyo waliokuwa na sauti ya kulidai walikuwa na tangi juu ya paa.

Wewe msomaji mwenye bilula jikoni, safari ijayo mbunge au diwani wako akija kuomba kura, muulize mambo mawili: maji kiasi gani yanavuja njiani kabla hayajafika mitaani, na dumu moja linauzwa shilingi ngapi kule ambako bomba halijafika. Asipojua bei ya dumu, mpeleke akaulize kwa mwenye mkokoteni.